Sabuni ya Motokari

9 Novemba
Leo tumevunja ukuta. Gari la mume wangu Vital lilifika saa nne asubuhi kutoka mpakani Kasumbalesa, na lango letu halikulitosha. Vital alipima kwa kamba, akapima tena, kana kwamba lango lingeona haya likapanuka lenyewe. Mwishowe akaita fundi, nguzo ya kulia ikaangushwa, na gari likaingia likiburuta kamba yangu ya nguo na kuuvunja mpilipili.

Ni pick-up ya Kimarekani, buluu ya giza, milango minne. Nyuma ina sanduku refu la kubebea mizigo, ile benne, ambamo mtu mzima anaweza kulala akanyooka na miguu yake isiguse mwisho. Sijui kwa nini nilimfikiria mtu aliyelala. Nilimwambia Vital akacheka.

"Mama Séphora, hii haiko camion ya mizigo. Ni motokari ya famille. Utazobelea." Ati nitazoea.

Avenue nzima ilikuja kusimama kwenye pengo la ukuta. Numbi, jirani yangu wa ng'ambo, mke wa Anaclet fundi cherehani, alipiga vigelegele peke yake. Wengine walitazama tu. Hapa mtaani Hewa Bora watu wanajua bei ya sukari na wanajua kwamba mume wangu anaiuza kwa jumla. Wanajua pia kwamba Kasereka, jina lake la ukoo, ni jina la Butembo, si la hapa.

10 Novemba
Mpilipili umekufa.

15 Novemba
Kupanda gari hili ukiwa umevaa kitenge ni vita. Nimeweka kigoda cha kupandia nyuma ya mlango wa mbele wa nyumba. Séphora, ambaye ana miaka kumi na miwili, anaruka mwenyewe, lakini Rodrigue mdogo wake anapandishwa kama gunia la unga. Shuleni watoto wenzao wanawaita "bamereka", yaani Wamarekani.

Boneti ni ndefu na iko juu, huoni kilicho karibu mbele yako. Leo Vital amemkanyaga kuku wa Numbi papo hapo langoni. Nilikwenda kuomba msamaha na pesa mkononi, Numbi akazisukuma. "Ile kuku ilikuwa kiziwi, bibi. Leta vitunguu." Tukampika pamoja. Tangu leo gari likitoka mimi natangulia kwa miguu hadi barabarani, nikifukuza watoto na kuku.

21 Novemba
Mzee wa nyumba ya kona alikufa juzi. Familia walikuja kuomba gari la kumpeleka makaburini, na Vital akakubali kabla hawajamaliza sentensi. Aliendesha mwenyewe, polepole, taa zikiwaka mchana. Nilijivunia mume wangu.

Jioni mjane alituma kipande cha sabuni, ile ya kahawia. Vital akakirudisha.

Kwetu, watu wa Katanga ya kaskazini, kila kitu kilichoazimwa kwa kilio hurudi na sabuni. Iwe sufuria, iwe viti, iwe gari. Sabuni si malipo. Wafiwa wanakupa, unakiosha kitu chako, na kifo kinabaki kwa wenye kifo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli pale Kabalo, aliwaazima wafiwa toroli lake mara ngapi sijui, na nyumbani hatukununua sabuni. Nilimweleza Vital yote haya. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mi nikamate kintu mu mukono ya mujane? Kwetu Butembo muntu hakuli ku kilio ya mwenzake."

"Haiko kula, Vital. Ni kuosha."

"Motokari nitapeleka ku lavage, bataiosha."

Kichwa chake ni kigumu kwa wema. Hilo ndilo tatizo la watu wema.

22 Novemba
Nimeliosha gari kwa sabuni yangu. Najua haisaidii.

2 Desemba
Vilio viwili ndani ya wiki moja. Mmoja malaria, mwingine pikipiki. Mara zote mbili gari letu, mara zote mbili sabuni imerudishwa na maneno matamu. Baba wa yule wa pikipiki alibaki langoni amekishika kipande chake, hajui akitie wapi. Alionekana kama mtu aliyekuja kulipa deni akaambiwa hadaiwi, naye anajua anadaiwa.

8 Desemba
Vital ananifundisha kuendesha. Tunakwenda kwenye uwanja wa mpira kabla ya misa. Nilidhani nitaogopa, kumbe napenda. Ukikaa pale juu unaona ndani ya kuta za watu: nani anafua, nani anagombana, nani amepika wali. Watu wanakupisha. Nikiri hapa ambapo hakuna anayesoma: napenda wakinipisha.

14 Desemba
Mvua tangu asubuhi. Kilio cha nne kilikuwa juzi.

Numbi alikuja tuchambue sombe, majani ya muhogo, pamoja. Presha yake inamsumbua tena, miguu imevimba, lakini ulimi wake hauna presha. Aliniambia watu wanasema. Nikamuuliza wanasema nini.

"Banasema bwana yako anabeba maiti bure, na sabuni hakamate. Sasa anapata nini? Muntu hafanye kazi bure kila siku, Constance. Banasema anabachunga."

Kuwachunga wafu ni kuwaweka kwa uchawi wakufanyie kazi. Tajiri akisemwa hivyo katika mji huu, hata nyumba yake haikai salama.

"Na weye unasema nini?"

"Mi nasema bwana yako iko na kichwa nguvu kama yangu." Akacheka hadi sombe ikaanguka. "Sikia. Siku yangu ikifika, nitamwachia Dorcelle neno. Sabuni yangu haitaenda ku Vital. Itaingia mu mukono yako weye, na utakamata, ao nitakusumbua ku ndoto."

Dorcelle ni binti yake, ana miaka kumi na saba, mtulivu, macho makubwa. Alikuwa mlangoni akisubiri mamaye. Hakucheka.

19 Desemba
Watoto wamefunga shule. Mashimo ya avenue yamejaa maji.

25 Desemba
Vital aliwapakia watoto wa avenue nyuma, kumi na watano hivi, tukaenda kanisani tukipiga honi na kuimba. Nilikuwa na furaha. Nilivaa kitenge kipya, Rodrigue alikalia magoti yangu, mvua ilitupa ruhusa ya saa mbili.

Ila kabla hatujaondoka mama mmoja alitoka mbio, akapanda juu ya gurudumu, akamshusha mtoto wake kwa kumvuta mkono. Hakunitazama. Baadaye wengine wawili wakafanya vilevile.

3 Januari
Wafu tuliowabeba wamefika saba. Wa saba alizikwa leo, tena alikuwa mtu mzima wa miaka themanini na zaidi, ambaye hata daktari alishangaa kwamba bado yupo. Haidhuru. Nilikwenda kununua chumvi kwa Donat, mwenye duka la kona. Alikuwa akiongea na wanawake, akanyamaza nilipoingia. Halafu akashindwa kunyamaza.

"Mama Séphora, mi nauliza tu. Mbele ya ile motokari kufika, hii avenue ilizika bantu ngapi kwa mwaka?"

Nilisema sijui.

"Moya. Pengine bawili."

Mkononi mwangu aliweka chumvi. Mabaki ya pesa aliyaweka mezani ili asiniguse.

5 Januari
Nimegombana na Vital. Nilimwambia aende nyumba kwa nyumba, zote saba, aombe sabuni zake. Hakukasirika. Alisema:

"Nikienda sasa kuomba, bataona ni kweli. Batasema, ona, sasa anaogopa."

Nyumba hii ndiyo yote tuliyo nayo. Kwao Butembo kuna vita, ndugu zake wanalala msituni. Tukifukuzwa hapa hatuna pa kwenda. Naandika jambo hili ili nilione vizuri.

9 Januari
Mvua. Mvua. Mto Naviundu umepanda hadi kwenye bustani za watu.

10 Januari
Hakuna mtoto aliyekuja kucheza na Rodrigue. Numbi peke yake alikuja, akaketi uani mchana kutwa, mahali ambapo kila apitaye barabarani atamwona. Alifanya makusudi. Aliwasalimu wapita njia kwa sauti, mmoja mmoja, ili wajibu wakiwa wanatazama nyumba yetu.

12 Januari
Gari lina tope tangu jana. Asubuhi nilikuta mtu ameandika kwa kidole kwenye mlango wa nyuma. Tarakimu moja tu, kubwa: 8.

Tumebeba wafu saba.

Nilifuta kwa kanga yangu kabla Vital hajaamka. Ukuta bado una pengo, lango jipya halijaletwa, mtu yeyote anaweza kuingia.

16 Januari
Vital ameondoka na lori la mwenzake kwenda Kasumbalesa, mzigo wa mafuta ya kupikia umekwama mpakani. Ameniachia gari. Alinifungia ufunguo mwenyewe kwenye fundo la kitenge changu.

"Ukiona mambo inageuka, beba batoto, wende ku Bel-Air kwa ndugu yako mukubwa. Usingoye simu yangu."

17 Januari
Lazima niandike yote.

Ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imeanza saa sita, si mvua ya kawaida, ile inayogeuza mabati kuwa ngoma hadi huwezi kusikia redio. Watoto walikuwa wakichora sakafuni. Nikasikia mlango unapigwa. Dorcelle. Alikuwa miguu mitupu, maji yanamtiririka usoni.

"Mama Séphora, tafazali! Mama ameanguka. Kinywa yake imeenda kando, haseme tena. Bapikipiki banakatala, maji imepita juu ya pont, ile daraja. Baba anasema motokari yenu tu njo itapita."

Ilikuwa kweli. Gari lile lingepita. Magurudumu yake yananifika kiunoni. Kutoka pale hadi hospitali ni dakika ishirini, mvua ikinyesha nusu saa. Ufunguo ulikuwa umelala juu ya tumbo langu, kwenye fundo, niliuhisi ukinibana.

Naandika nilichofikiri, kwa mpangilio wake. Kwanza nilifikiri: Numbi! Nikapiga hatua moja. Kisha niliiona ile tarakimu. Nilimwona Numbi akifia kwenye kiti cha nyuma, kati ya pale na hospitali. Nikawaona wakilisimamisha gari njiani, mimi ndani, Vital hayupo, watoto wangu peke yao katika nyumba isiyo na lango. Wa nane. Wangekuja na petroli. Yote haya hayakuchukua muda mrefu kuliko kumeza mate.

Nikasema: "Vital alienda na clé ya motokari."

Dorcelle aligeuka akalitazama gari. Lilikuwa uani, hatua kumi kutoka tuliposimama, limeoshwa na mvua likang'aa. Halafu akanitazama kiunoni. Sijui aliona nini. Fundo la kitenge ni fundo la kitenge.

"Alienda nayo?"

"Alienda nayo, mutoto yangu. Pole."

Akasema "Aksanti, mama," kwa adabu, jinsi Numbi alivyomlea. Akaondoka mbio.

Kupitia dirishani nilimwona Anaclet na vijana wawili wakimlaza Numbi kwenye mkokoteni, wakamfunika kwa karatasi ya plastiki. Mguu wake mmoja ulining'inia. Wakapotelea katika ule ukungu wa mvua upande wa Naviundu. Mimi nilikuwa nimeshika fundo kwa mikono miwili.

Séphora aliuliza, "Mama, clé si iko kwako?"

Nilimwambia achore.

18 Januari
Numbi amekufa. Alikufa darajani, wakingoja maji yapungue.

19 Januari
Vital amerudi. Alilia kama mtoto, alimpenda Numbi. Akaniuliza, "Kwa nini habakukuya kukamata motokari?" Nikamwambia sijui, labda walihofia daraja. Kwa hiyo sasa nimesema uongo mara mbili. Séphora alikuwa mezani. Hakuinua kichwa.

20 Januari
Hawakuja kuomba gari.

Tulijua maana yake. Vital alivaa suti asubuhi, akaketi karibu na mlango, ufunguo mkononi, akingoja. Saa tano tukasikia nyimbo. Vijana wa avenue walikuwa wamelitwaa jeneza kutoka uani kwa Anaclet, wamelibeba mabegani, wanacheza nalo, wakienda mbele na kurudi nyuma. Hivyo ndivyo wanavyofanya hapa wakiona kifo si cha Mungu: maiti anapewa nafasi ya kuonyesha njia. Walizunguka avenue yote. Wakarudi. Jeneza lilipofika kwenye pengo la ukuta wetu likasimama. Likakataa kwenda mbele. Likasogea kuelekea kwetu, hatua moja, tena moja.

Niliwafungia watoto chumbani. Nikaliona dumu la njano mikononi mwa mmoja wao, na nikajua kwa harufu kwamba si maji.

"Vital! Toka!" alipiga kelele Sylvain, anayewaongoza. "Numbi anakuuliza!"

Vital akatoka. Mimi nikatoka nyuma yake kwa sababu miguu ilinipeleka. Alisimama mbele ya jeneza, mdogo ndani ya suti yake, akanyoosha mkono wenye ufunguo juu ili wote wauone.

"Aulize! Nitamujibu!" Akautikisa ufunguo. "Motokari ilikuwa hapa. Clé ilikuwa ku nyumba, bibi yangu anajua kuendesha. Si mungekuya? Siku gani mulikuya hapa mi nikakatala? Numbi alikuwa dada yangu. Kwa nini hamukukuya?"

Nyimbo zilikatika. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

Anaclet alitoka kati ya watu. Alikuwa amezeeka kwa siku tatu. Hakumtazama Vital wala mimi, alimtazama binti yake, aliyekuwa ameshika picha ya mamaye kifuani.

"Dorcelle. Si nilikutuma?"

Dorcelle aliinua yale macho makubwa akayaweka juu yangu. Sikuweza kutikisa kichwa, wala kumwomba kitu. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwake litachoma nyumba yangu na mume wangu ndani yake, mtu ambaye hakufanya kosa lolote ila kurudisha sabuni. Na nilijua kwamba neno hilo lingekuwa kweli. Majira yote haya walitusingizia. Leo walikuwa na haki, nao hawakujua.

"Nilikuya, baba," akasema Dorcelle. "Nilipiga mulango mingi. Mvua ilikuwa na makelele, hakuna muntu alinisikia."

Anaclet alifumba macho. Kisha akaenda kwa Sylvain, akamnyang'anya lile dumu, akalitupa mtaroni.

"Basi. Mulete mama yenu hapa. Hataenda kwa miguu, alisumbuka na miguu sana."

Akashusha mlango wa nyuma wa gari kwa mikono yake. Wakampandisha Numbi. Alienea, na nafasi ikabaki miguuni. Vital aliendesha. Mimi nilitangulia kwa miguu hadi barabarani, kama kawaida, nikiwafukuza watoto mbele ya boneti.

21 Januari
Mvua haikunyesha. Leo Donat ameniwekea mabaki ya pesa mkononi.

23 Januari
Watoto wawili walikuja kucheza na Rodrigue. Vital anasema, "Unaona? Ukweli umetuokoa." Anaimba akinyoa ndevu.

25 Januari
Kilio kimekwisha leo. Alasiri Dorcelle alivuka barabara, nywele zimenyolewa, mkononi ana kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Vital alikuwa uani akiangalia tairi. Alipomwona alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akanyoosha yote miwili. Hatimaye alikuwa amejifunza.

"Aksanti, mutoto yangu. Hii nitakamata."

Dorcelle alimwinamia kwa heshima, akampita, akaja hadi nilipokuwa nimekaa kwenye kile kigoda cha kupandia. Akaniwekea gazeti mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Sabuni ya kahawia, kipande kizima.

"Mama aliacha neno," akasema. "Sabuni yake, weye njo utakamata."

"Dorcelle..."

Aliinama karibu na sikio langu, kama mtoto anayesalimia mkubwa.

"Hii ni ya motokari. Ya mikono yako, sina."

Akaondoka polepole, akivuka madimbwi. Vital akauliza amesema nini. Nikamwambia anasema tuoshe gari. Akaenda kuleta ndoo.